Namba ya Gari Yasema Nini?

Ndugu msomaji, ukikaa nusu saa tu kando ya barabara pale Lamadi, penye njia panda ya kuja Bariadi, utaona magari ya kila namna. Basi la Musoma lashuka kwenda Mwanza. Lori la pamba latoka huku kwetu. Motokaa ndogo ya Kenya, iliyoingilia Sirari, yapita bila kusimama. Gari la watalii laelekea lango la Ndabaka kuwatazama wanyama wa Serengeti. Kila gari limebeba kibao chake cha namba, na kila kibao chasema neno. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kulisoma neno hilo?

Usidhani kwamba jambo hili ni la polisi na watoza kodi peke yao. Wakulima wakishauza pamba na fedha zikiwa mfukoni, ndipo pikipiki nyingi hununuliwa vijijini mwetu, mpya na zilizotumika. Vijana wetu wengi hula kwa bodaboda. Watoto wetu huvuka barabara asubuhi na jioni waendapo shule. Asiyejua kusoma namba huuziwa deni la mwenzake, au hugongewa mtoto na kubaki akisema, “Lilikuwa gari jeupe,” na magari meupe ni mengi kama kunguru. Basi yafaa tujifunze pamoja, polepole, kama tulivyojifunza herufi darasani.

ZILIVYOANZA

Motokaa zilipokuwa chache, watu walimjua mwenye gari kama wanavyomjua mwenye punda. Zilipoongezeka, ikawa shida. Mwaka 1893 polisi wa mji wa Paris, Ufaransa, waliamuru kila gari la mtambo libebe kibao chenye jina na makao ya mwenyewe. Lakini jina refu halisomeki gari likienda mbio, kwa hiyo nchi nyingine zikaona afadhali kutumia tarakimu na herufi chache.

Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1903, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1904. Kila halmashauri ilipewa herufi zake, na London ikapewa A. Mtu akiliona gari aliweza kusema, “Hili limeandikishwa mahali fulani.” Mtindo huo wa kutaja mahali ulienea sana, na hata leo nchi nyingi huufuata. Uhindi hutaja jimbo kwa herufi mbili za mwanzo: DL ni Delhi. Ujerumani hutaja mji au wilaya: B ni Berlin, M ni München. Marekani kila jimbo hutengeneza kibao chake, chenye rangi zake na hata picha zake. Jirani zetu wa Kongo hutia mwishoni tarakimu mbili za jimbo.

Sasa tazama gari lolote la Bariadi. Wapi limeandikwa Bariadi? Wapi limeandikwa Simiyu? Hakuna. Hebu tuone sababu yake.

NAMBA ZA TANZANIA BARA

Gari la mtu wa kawaida hapa Bara huanza na T, ambayo ni Tanzania. Kisha hufuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Wazee watakumbuka namba za zamani zilizoanza na TZ. Mtindo huu wa T ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kazi ya kuandikisha magari i mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Daftari lake ni moja kwa Bara yote. Gari lililoandikishwa Dar es Salaam na gari lililoandikishwa Mwanza yamo katika mfuatano mmoja. Pikipiki na bajaji za siku hizi zina mfuatano wao: huanza na MC, kisha tarakimu tatu na herufi tatu.

Baada ya herufi, tazama rangi. Kibao cha njano chenye maandishi meusi ni cha gari la mtu binafsi. Kibao cheupe chenye maandishi meusi ni cha gari la biashara: basi, teksi, daladala, lori la kukodi. Tofauti hiyo si pambo. Gari la namba ya njano likipakia abiria kwa nauli, abiria hao wamo ndani ya chombo ambacho hakikuruhusiwa kazi hiyo. Dereva hana leseni ya usafirishaji inayotolewa na LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Zaidi ya hayo, gari hilo huenda lilikatiwa bima ya matumizi ya nyumbani tu. Ajali ikitokea, kampuni ya bima yaweza kusema, “Hatukukubaliana habari ya kubeba abiria.” Hapo mjane na yatima huanza kuzunguka maofisi. Basi, mama, unapoharakishwa kituoni uingie katika gari dogo kwa sababu “linaondoka sasa hivi,” tupia jicho kibao chake kwanza.

Magari ya umma nayo yana alama zake. ST ni Serikali ya Tanzania, na mara nyingi huongezwa herufi nyingine, kama STK au STL. SM ni Serikali za Mitaa, yaani halmashauri. SU ni Shirika la Umma. PT ni Polisi Tanzania. MT ni Magereza. Namba zenye JW ni za Jeshi la Wananchi. DFP ni magari ya miradi inayogharimiwa na wafadhili, na CD ni ya mabalozi.

Kuzijua alama hizi kuna faida kwa raia. Gari la SM au ST limenunuliwa kwa kodi yako na yangu, kodi ya pamba na ya chumvi. Ukiliona usiku wa manane limeegeshwa mahali pasipo na kazi ya umma, una haki ya kuandika namba yake na kuuliza kwa adabu kwa wakubwa wanaohusika.

KWA NINI HAKUNA NAMBA YA SIMIYU?

Msomaji mmoja aweza kusema, “Lakini ingefaa sana kila mkoa uwe na herufi zake. Mgeni akiingia kijijini tungemjua mara moja. Ng'ombe aliyeibwa akipakiwa katika lori, tungejua lori ni la wapi.” Neno hilo lina uzito, hasa kwetu sisi wafugaji. Ng'ombe wa Msukuma tangu zamani hutiwa chapa ili ajulikane ni wa nani, na tangu mwaka 2010 nchi yetu ina sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Ikiwa ng'ombe aweza kubeba alama ya kwao, kwa nini gari lisiweze?

Jibu la kwanza ni hili: ng'ombe hukaa zizini, lakini gari hutembea. Gari hununuliwa Dar es Salaam, likauzwa Arusha, likafanya kazi miaka mitatu Kahama, na uzee wake likaumalizia Maswa. Namba yenye jina la mahali huonyesha gari lilikozaliwa, haionyeshi linapolala. Wajerumani waliliona hilo, na tangu tarehe 1 Januari 2015 mtu akihamia popote katika nchi yao ameruhusiwa kuendelea na namba yake ya zamani. Tangu hapo, mwenye gari lenye B huenda haishi Berlin kamwe.

Jibu la pili tunalo hapa nyumbani. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, pamoja na mikoa ya Geita, Katavi na Njombe. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa chini ya Shinyanga, na nchi ya Busega ilikuwa ya Magu, mkoani Mwanza. Tuseme tungekuwa na namba za mikoa. Mwaka ule mwenye gari wa Nyashimo angekuwa na kibao cha Mwanza, na wa Bariadi angekuwa na kibao cha Shinyanga, nao wote wawili wakiwa wana wa Simiyu. Ama wangeingia gharama ya kubadili, ama wangebaki wakidanganya watu bila kutaka. Mwaka 2016 ukaanzishwa mkoa wa Songwe, kazi ingeanza tena. Kongo nayo iligawa majimbo yake mwaka 2015, yakatoka 11 yakawa 26. Mipaka ya mikoa hubadilika upesi kuliko vibao vya magari.

Kwa hiyo daftari moja la nchi lina maana. Lakini lina sharti lake, nalo ni kwamba daftari liwe la kweli. Kibao hakikwambii ni gari la Bariadi au la Mtwara. Daftari ndilo lisemalo, na litasema kweli iwapo tu wenye magari wameandikisha kweli. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

JIRANI ZETU NA NDUGU ZETU

Ng'ambo ya bahari kidogo, Zanzibar ina daftari lake. Magari ya huko huanza na Z, na magari ya Serikali ya Mapinduzi huandikwa SMZ. Hata alama ya kimataifa inayobandikwa nyuma ya gari linalovuka mpaka ni mbili kwa nchi moja: EAT kwa Bara na EAZ kwa Zanzibar. EA ni Afrika ya Mashariki. Kenya ni EAK na Uganda ni EAU. Kuwa na daftari mbili kumeleta maswali ya kodi kwa mtu anayevusha gari lake kutoka upande mmoja kwenda mwingine, hata jambo la usajili wa vyombo vya moto likaorodheshwa miongoni mwa kero za Muungano zilizojadiliwa na serikali zetu mbili. Ndiyo maana anayeuziwa gari la Z hapa Bara kwa bei ya kutupwa hana budi kwanza kuuliza TRA.

Kenya huanza na K, na tangu mwaka 1989 kuna herufi tatu, tarakimu tatu, na herufi moja ya mwisho. Kibao cha mbele ni cheupe na cha nyuma ni cha njano. Angalia sana hapo: njano ya Kenya si njano yetu. Kwao rangi haitofautishi gari la biashara na la binafsi. Matatu hujulikana kwa mstari wa njano ubavuni, kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004. GK ni Serikali ya Kenya. Lakini serikali za kaunti zina namba zinazotaja mahali: tarakimu mbili za kaunti, kisha CG. Kaunti ya Migori, jirani wa Tarime, ni ya 44, na Nairobi ni ya 47. Basi Kenya imetenda mambo mawili kwa pamoja: gari la raia halitaji mahali, gari la kaunti lataja. Maana gari la kaunti ni mali ya watu wa mahali pale, nao wapaswa kulijua. Sisi twaandika SM tu kwa halmashauri zote. Huenda hapo jirani ametupita kidogo.

Uganda huanza na U, na serikali yake ni UG. Mwaka 2023 walianza kufunga vibao vyenye chombo kidogo cha elektroniki ndani yake, wakianza na magari ya serikali, ili wahalifu wafuatiliwe. Huko nako watu wamebishana: wengine wanaona usalama, wengine wanaona jicho la serikali likimfuata raia kila aendako. Rwanda huanza na R.

Ndugu zetu walioko Ghuba watakwambia habari nyingine. Katika Falme za Kiarabu kila ufalme una vibao vyake: Dubai mbali, Abu Dhabi mbali, Sharjah mbali. Namba fupi huko ni heshima ya tajiri. Aprili 2023 namba P 7 ya Dubai iliuzwa katika mnada wa hisani kwa dirhamu milioni 55. Hapa kwetu pia mwenye fedha aweza kuomba kibao chenye jina lake. Mwaka 2016 serikali ilipandisha ada yake kutoka shilingi 5,000,000 hadi 10,000,000 kwa miaka mitatu. Kwa kiasi hicho mtu wa Itilima hununua ng'ombe. Kila mtu na furaha yake.

“NI NAMBA D, BOSI”

Turudi nyumbani, katika biashara. Ukienda kununua gari lililotumika, dalali atakwambia, “Hii ni namba D, bosi,” au “Hii ni namba E, bado mbichi kabisa.” Ana maana ya herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho. Mfuatano ulianza na A, ukaenda B, C, D, na sasa E. Kwa hiyo herufi hiyo yaonyesha kwa kukadiria gari liliandikishwa lini nchini.

Lakini sikiliza vizuri: haionyeshi gari liliundwa lini. Gari laweza kuundwa Japani mwaka 2005, likatembea huko miaka mingi, likaletwa kwa meli, likaandikishwa hapa na kupewa namba E. Namba yake ni mbichi, injini yake ni babu. Mwaka wa kuundwa umeandikwa katika kadi ya gari. Usinunue herufi. Fungua kadi usome, kisha linganisha namba ya chasisi na namba ya injini na zile zilizopigwa katika chuma chenyewe. Zisipolingana, rudisha fedha zako mfukoni uage kwa heri.

KADI ISIYOBADILISHWA

Hapa ndipo penye kidonda kikubwa. Tuseme kijana amenunua pikipiki kwa mtu wa Maswa. Wamepatana bei, wameandikiana karatasi mbele ya mashahidi, amepewa kadi. Anakwenda zake akifurahi. Kadi yaendelea kuwa na jina la yule wa Maswa, maana kuhamisha umiliki kunahitaji safari na ada, na kijana asema, “Nitafanya nikipata nafasi.” Nafasi haiji.

Sasa angalia yanayofuata. Siku hizi polisi wa usalama barabarani huandika faini katika mashine kwa namba ya chombo. Deni hushikamana na namba kama kupe na ng'ombe. Ikiwa muuzaji aliacha faini, kijana amezirithi. Ikiwa kijana ndiye mwenye kutozwa, madeni yanamwangukia yule wa Maswa katika daftari. Pikipiki ikimgonga mtu na dereva akakimbia, atakayegongewa mlango usiku ni yule aliyeuza zamani. Ikiibwa, kijana hawezi kuonyesha kwamba ni mali yake. Na kijana akifariki, mke wake atasimama mbele ya ndugu akiwa na kadi yenye jina la mtu asiyemjua, na chombo kilicholisha watoto kitagombaniwa kama mzoga.

Kumbuka neno tulilolishika: namba zetu hazitaji mahali, tegemeo ni daftari. Kila kadi isiyobadilishwa ni uongo mmoja ndani ya daftari hilo. Basi muuzaji na mnunuzi waende pamoja TRA, na muuzaji asione kwamba ni shauri la mnunuzi peke yake, maana jina lililo hatarini ni lake. Kabla ya kulipa, angalia kama namba ile ina faini zisizolipwa, na kama bima yake ni hai, kwa kuwa vyote viwili huhakikiwa kwa namba. Ada utakayoitoa ni ndogo kuliko nauli za kwenda mahakamani.

NAMBA ILIYOFICHWA

Wako pia wanaoficha namba. Mwingine huikunja ya pikipiki ikatazama mbingu. Mwingine huifunika kwa kitambaa. Mwingine huchongesha mtaani kibao chenye herufi za kutuna, wanachokiita 3D, na polisi wamekuwa wakivikamata. Na mwingine hana nia mbaya, ila ametoka mashambani wakati wa mvua, na udongo wetu mweusi wa mbuga umekipaka kibao chote. Yote matokeo yake ni mamoja: gari lisilo na jina. Kijana wa bodaboda, weka kitambaa chini ya kiti ufute kibao kila utokapo matopeni. Abiria wako wa usiku akiona namba yako yasomeka, atakuamini zaidi.

Na ikitokea ajali, dereva akakimbia, usimfukuze kwa mawe. Fanya haya. Soma namba kwa sauti, mara tatu, ili isikutoke. Iandike, hata kwa kijiti mchangani, hata mkononi. Ukikosa namba nzima, shika herufi tatu za mwisho na rangi ya kibao: njano au nyeupe, T au MC. Andika saa, mahali, na upande gari lilikoelekea. Piga simu 112 au peleka habari kituoni. Herufi tatu zenye uhakika hupunguza magari ya nchi nzima yakabaki mamia tu, na pamoja na rangi na aina ya gari yatabaki machache.

Wafundisheni watoto jambo hili, wazazi na walimu. Watoto wana macho makali kuliko sisi, nao hupenda mchezo. Jioni wanaporudi shule, waulizeni: “Leo umeona namba gani? Ya biashara au ya binafsi? Ya kwetu au ya Kenya?” Baada ya wiki mbili watakushinda. Huenda siku moja mtoto wa darasa la nne ndiye atakayeisaidia familia fulani ya hapa kwetu kupata haki yake, kwa sababu alisoma kibao wakati watu wazima wanapiga kelele.

Na wewe uliye na pikipiki uani, ambayo kadi yake ina jina la mtu mwingine, usiliweke gazeti hili kabatini pamoja na kadi hiyo. Itoe kadi, mtafute aliyekuuzia, mpange siku ya kwenda TRA kabla ya juma hili kwisha.